Jinsi ya kupanga bei ya vipindi vifupi vya picha: mwongozo kamili kwa mpiga picha anayeanza

Wapiga picha wengi wanaoanza hupanga bei kwa njia moja: hutazama mwenzao anatoza kiasi gani, hupunguza kidogo, kisha hutangaza. Miezi michache baadaye wana wateja, wana sifa, na mfukoni hamna kitu. Baadhi yao huacha kabisa wakiamini kwamba kazi ya picha hailipi. Mara nyingi inalipa. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu yenyewe haizidi jioni moja.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kipindi kifupi cha picha za mtu, wachumba au familia ndogo, cha dakika 15 hadi 40. Nimekichagua kwa sababu ndicho kinachowaumiza wanaoanza kuliko kazi nyingine yoyote. Mteja anaona dakika 20, na wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba unauza dakika 20. Huuzi dakika 20. Unauza karibu nusu siku ya kazi, na bei yako lazima ilijue hilo.

Namba za fedha humu sikuzipa jina la sarafu. Ni za mfano tu. Weka zako mahali pake. Mpangilio wa hesabu hautabadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta. Usifanye hesabu hii kichwani.
- Simu yenye kipima muda.
- Risiti au kumbukumbu za bei ya kila kifaa: kamera, lenzi, taa, betri, kadi za kumbukumbu, kompyuta, diski.
- Rekodi za matumizi ya miezi mitatu iliyopita: usafiri, intaneti, programu za kuhariri, makato ya kupokea malipo.
- Kazi moja kamili ya kupima, kuanzia ujumbe wa kwanza wa mteja hadi picha kumfikia.
- Orodha ya wapiga picha kumi au zaidi wanaofanya kazi ya aina yako kwa wateja wa aina yako.

Kama huna kazi ya kupima, mwombe rafiki akubali kuwa mteja wako, na umhudumie kama mgeni kabisa: mwandikie, panga naye siku, safiri, piga, hariri, mkabidhi. Ukikisia hapa, kila namba inayofuata itakuwa ya uongo.

## Hatua ya 1: Pima saa zote za kazi moja

Washa kipima muda pale unapojibu ujumbe wa kwanza. Kizime ukiacha kazi, kiwashe tena ukiirudia. Andika kila kipande peke yake. Mfano wa kipindi cha dakika 20 chenye picha 8 zilizohaririwa:

- Kujibu ujumbe na kupanga siku: dakika 25
- Safari ya kwenda na kurudi: dakika 40
- Kupanga vifaa na kusoma mwanga: dakika 15
- Kupiga picha: dakika 20
- Mteja kuchelewa au kubadili nguo: dakika 10
- Kuhamisha faili na kutengeneza nakala ya akiba: dakika 15
- Kuchuja picha: dakika 20
- Kuhariri picha 8: dakika 50
- Kutuma na kufuatilia: dakika 15

Jumla ni dakika 210, yaani saa 3.5. Kamera imeshikwa dakika 20 tu kati ya hizo.

Kipande kinachodanganya kuliko vyote ni kuhariri. Ukimuuliza mpiga picha, atakwambia picha moja inamchukua dakika mbili. Mkalie pembeni na saa, utamwona akiirudia picha ileile mara tatu: rangi ya ngozi haijakaa sawa, nywele zimetawanyika, kuna waya unatokea nyuma ya kichwa. Pima picha zote nane mfululizo, kisha gawa kwa nane. Wastani huo ndio ukweli wako, na utakufaa tena katika hatua ya 6 na ya 7.

Usidharau pia muda wa kuhamisha faili. Faili ghafi (RAW) moja ya kamera ya megapikseli 24 mara nyingi huwa na megabaiti 25 hadi 30. Ukipiga picha 150 katika kipindi kimoja, una takribani gigabaiti 4, na zinapaswa kukaa mahali pasipopungua pawili kabla hujaifuta kadi. Mpiga picha asiye na nakala ya akiba anacheza na kumbukumbu za watu. Akizipoteza, hana cha kumrudishia mteja.

Angalizo: Usiitoe safari eti kwa sababu ulipita sokoni njiani. Safari uliyoifanya kwa ajili ya mteja ni kazi.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja ya saa kwa kipindi kimoja, na unaweza kumweleza mtu mwingine kila dakika ilikwenda wapi. Ukipata chini ya saa mbili kwa kipindi chenye picha nane zilizohaririwa vizuri, pima tena kwa mteja mwingine.

## Hatua ya 2: Jumlisha gharama za mwaka

Gharama ni za aina mbili. Za kwanza zinakudai hata mwezi usio na mteja. Za pili zinakuja na mteja.

Katika zile za kudumu, inayosahaulika sana ni uchakavu wa vifaa. Chukua bei uliyonunulia, toa kiasi unachotarajia kupata ukiviuza vikiwa vimetumika, gawanya kwa miaka utakayovitumia. Tuseme vifaa vyote vilikugharimu 2,400, unatarajia kuvitumia miaka 4 na kuviuza kwa 400. Uchakavu ni 2,000 kugawanya kwa 4, yaani 500 kwa mwaka.

Juu yake weka programu, diski, intaneti, matengenezo, bima kama unayo, leseni ya biashara na matangazo. Tuseme ni 700. Jumla ya gharama za kudumu inakuwa 1,200 kwa mwaka, sawa na 100 kwa mwezi.

Zinazokuja na mteja ni nauli, ada ya kuingia mahali pa kupigia, makato ya malipo na data ya kutuma picha. Katika mfano wetu ni 6 kwa kila kipindi.

Angalizo: Kamera uliyopewa zawadi nayo inachakaa. Shata (pazia linalofunguka na kufungwa kila unapopiga) za kamera nyingi za kiwango cha kati hukadiriwa kuhimili mibofyo 100,000 hadi 200,000, na siku itakapogoma hakuna anayekuahidi zawadi ya pili. Ihesabu kwa bei ya kununua nyingine kama hiyo.

## Hatua ya 3: Amua utapata wateja wangapi, bila kujipendelea

Gharama za kudumu zinagawanywa kwa idadi ya wateja. Ukiandika wateja 25 wakati unapata 10, kila bei utakayotoa itakuwa ndogo mno, na hutaelewa fedha zinavujia wapi.

Tumia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Kama hujaanza, andika namba ndogo ambayo huoni haya kuitetea mbele ya mtu anayekudai. Mimi ningeanza na vipindi 10 kwa mwezi kwa anayefanya kazi hii jioni na mwisho wa juma, na nisingekwenda juu zaidi hadi kalenda inionyeshe.

## Hatua ya 4: Tafuta kikomo cha chini, kisha bei ya kuuza

Hapa ndipo namba zote zinapokutana. Nenda polepole.

Kwanza, amua unataka kulipwa kiasi gani kwa saa. Usichukue namba hewani: angalia kazi nyingine unayoweza kuifanya kwa ujuzi ulio nao inalipa nini kwa saa, na ukumbuke kwamba kodi ya mapato itatoka humo humo. Katika mfano, tuseme ni 8 kwa saa.

Pili, hesabu saa za mwezi mzima. Vipindi 10 mara saa 3.5 ni saa 35. Kisha ongeza saa ambazo hakuna mteja anayezilipia moja kwa moja: kutunza hesabu, kupanga sampuli (picha za kuwaonyesha wateja), kujibu wanaouliza kisha hawarudi, kujifunza. Tuseme saa 15. Jumla ni saa 50, na kwa malipo ya 8 ni 400 kwa mwezi, au 40 kwa kila kipindi.

Tatu, jumlisha kwa kipindi kimoja:

- Sehemu ya gharama za kudumu (100 kwa vipindi 10): 10
- Gharama zinazokuja na mteja: 6
- Malipo ya kazi yako: 40

Jumla ni 56. Hiki ndicho kikomo chako cha chini. Kwa bei hii umelipwa mshahara na gharama zimerudi, lakini biashara yenyewe haina akiba ya lenzi iliyoanguka wala mwezi uliokauka.

Nne, weka faida. Nashauri asilimia 20 ya bei ya kuuza, na hapa watu wengi huteleza. Wanachukua 56 na kuongeza asilimia 20 juu yake, wanapata 67.2. Faida hapo ni 11.2, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 17 ya bei. Kupata asilimia 20 ya bei, gawanya 56 kwa 0.8. Jibu ni 70, na faida ni 14 kamili. Tofauti ya 67 na 70 inaonekana ndogo kwa mteja mmoja. Kwa mwaka mzima wa vipindi kumi kila mwezi inazidi 300, yaani zaidi ya nusu ya uchakavu wa vifaa vyako vyote.

Kama sheria inakutaka utoze kodi ya mauzo, inawekwa juu ya 70. Usiitoe ndani yake.

Sasa ijaribu bei yako kwa mwezi mbaya. Wateja wakiwa 5 badala ya 10, gharama za kudumu zinakuwa 20 kwa kila kipindi. Saa zako zinakuwa 17.5 za wateja na 15 za ofisi, jumla 32.5, ambazo kwa 8 ni 260, au 52 kwa kipindi. Ongeza 6. Kikomo kimepanda hadi 78, juu ya bei yako. Huo si ushahidi kwamba 70 ni bei mbaya. Unakuonyesha kwamba akiba ya mwezi mzuri ina kazi ya kufanya, na haipaswi kutumika kununulia lenzi mpya wiki inayofuata.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili kwenye karatasi: kikomo cha chini (56) na bei ya kuuza (70). Chini ya ya kwanza hufanyi kazi, labda iwe umeamua kwa makusudi kumsaidia mtu.

## Hatua ya 5: Kagua soko bila kuliiga

Chukua ile orodha ya wapiga picha kumi. Kwa kila mmoja andika bei, muda wa kipindi, idadi ya picha zinazohaririwa, mahali pa kupigia, siku za kusubiri na kama mteja anachagua picha mwenyewe. Kisha tafuta bei kwa picha moja.

Utashangaa jinsi bei mbili zinazofanana zinavyoficha kazi tofauti. Mmoja anatoza 60 na kutoa picha 4. Mwingine anatoza 60 na kutoa picha 40 alizopitisha kwenye rangi moja kwa mkupuo. Hawa hawashindani, na hakuna kati yao anayeshindana na wewe mpaka ujue unatoa nini.

Sababu ya kufanya hatua hii baada ya hesabu ni kwamba hujui gharama za mwenzako. Pengine ana mshahara mahali pengine na picha ni mapumziko yake. Pengine vifaa ni vya kuazima. Pengine anapata hasara na bado hajajua. Kunakili bei yake ni kunakili jibu la swali ambalo hukuliona.

Panga bei zote kutoka ndogo hadi kubwa na utazame zinajikusanya wapi. Kama bei yako iko ndani ya kundi la kati, nenda hatua ya 7. Kama iko chini ya karibu wote, kuna muda au gharama uliyoisahau. Rudi hatua ya 1. Kama iko juu, soma hatua inayofuata kwa makini.

## Hatua ya 6: Punguza kazi, usipunguze bei

Tuseme kundi la kati linatoza 50 na wewe hesabu inakuambia 70. Mkono utavutwa kuandika 50. Ukiandika, kwa vipindi 10 kwa mwezi uko chini ya kikomo chako kwa 6 kila kipindi, yaani unajilipa chini ya ulichopanga kwa kila saa.

Badala yake, rudi kwenye orodha ya dakika na uulize kila moja: hii mteja anaiona? Anaithamini? Ukichagua eneo moja karibu na kwako, safari inashuka kutoka dakika 40 hadi 15. Ukitoa picha 5 badala ya 8 na kukaza mtindo wako wa kuhariri hadi dakika 5 kwa picha, kuhariri kunashuka kutoka 50 hadi 25. Ukipiga kwa utulivu, picha za kuchuja ni chache. Tuseme kuchuja kunakuwa dakika 12. Umeokoa dakika 58. Kazi nzima sasa ni dakika 152, takribani saa 2.5.

Hesabu mpya: saa 2.5 za mteja na saa 1.5 ya ofisi ni saa 4, mara 8 ni 32. Gharama za kudumu 10. Nauli imepungua, weka 4. Kikomo ni 46, na bei yenye faida ya asilimia 20 ni 57.5, andika 58.

Bado ni juu ya 50, na ni sawa. Pengo la 8 linaweza kuzibwa na sampuli nzuri, kujibu ujumbe haraka na kukabidhi picha siku uliyoahidi. Pengo la 20 lingekuwa gumu kwa mtu asiyejulikana.

### Njia nyingine: siku ya vipindi vya pamoja

Unachagua eneo moja na siku moja, unauza nafasi sita zenye dakika 20 za kupiga na dakika 10 za kupumua kati yake. Kazi yote ya kamera inaisha kwa saa tatu. Safari na kupanga vifaa, ambazo zilikula dakika 55 kwa mteja mmoja, sasa zinagawanywa kwa sita: dakika 9 hivi kwa kila mmoja. Hata ukitoa picha 8 kama mwanzo, kazi ya mteja mmoja inashuka hadi dakika 164, na ukigawanya nauli pia, bei inaweza kuwa 59 badala ya 70 bila kugusa mshahara wala faida.

Usizifute zile dakika 10 ili kuingiza wateja wawili zaidi. Mtoto mmoja akilia na huna nafasi ya kupumua, wote waliobaki watachelewa, na wa mwisho atapigwa picha mwanga umekwisha. Weka pia idadi ya chini ya nafasi zilizolipiwa, mfano nne, na useme hilo wazi tangu tangazo: zisipofika nne, siku inaahirishwa na fedha zinarudishwa.

## Hatua ya 7: Andika kifurushi kwa maneno yasiyoyumba

Bei bila maelezo inaalika ugomvi. Andika hivi, kwa lugha ya kawaida:

*Kipindi cha dakika 20, mahali pamoja, seti moja ya nguo, watu wasiozidi wanne. Utapata picha 8 zilizohaririwa ndani ya siku 7, kwa kiungo cha kupakua kitakachokaa wazi siku 30. Bei ni 70. Picha ya ziada ni 7. Matumizi ni ya binafsi na ya familia. Kwa matangazo ya biashara tuzungumze kwanza.*

Kila kifungu kimo kwa sababu. Idadi ya watu imo kwa sababu kupanga watu tisa kunameza dakika 20 zote. Seti moja ya nguo, kwa sababu kubadili nguo ni muda. Siku 7 zinakuzuia kuahidi "kesho" kwa furaha ya mwanzo. Na neno "zilizohaririwa" linahitaji ufafanuzi mteja akiuliza: rangi, mwanga, ukataji na usafi mdogo wa ngozi. Kupunguza unene au kumtoa mtu kwenye picha ni kazi nyingine, yenye bei yake.

Kuhusu matumizi ya biashara: katika nchi nyingi mpiga picha ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza, lakini sheria za picha zilizoagizwa na mteja zinatofautiana. Ndiyo maana maandishi yenu wawili yana uzito. Picha itakayouza bidhaa kwa mwaka mzima haipaswi kuuzwa kwa bei ya picha ya ukutani.

Ile picha ya ziada usiipite haraka. Mteja akichagua kutoka picha 20 za kuonyesha na amelipia 8, mara nyingi kuna ya tisa na ya kumi ambazo moyo unagoma kuziacha. Kwako kila moja ni dakika sita hivi za kuhariri, yaani chini ya 1 ya mshahara, na unaiuza kwa 7. Hakuna sehemu nyingine ya kipindi kifupi yenye faida ya namna hii, na mteja anaifurahia kwa sababu ameichagua mwenyewe. Ndiyo sababu sipendi desturi ya kumwaga picha zote 60 kwa mteja ili kuonekana mkarimu.

Kifurushi cha pili, kirefu zaidi, kinatosha: mfano dakika 40 na picha 15 kwa 95. Vitatu ni vya mwisho. Vikizidi hapo, mteja anaahirisha uamuzi.

## Hatua ya 8: Kama huna sampuli, toa punguzo lenye mwisho

Anayeanza kabisa anahitaji picha za kuonyesha, na kuzipata kwa bei ya chini si aibu. Kosa ni kuitangaza bei hiyo kama bei yako ya kawaida. Waliokujua kwa 30 hawatakubali 70 baada ya miezi miwili, watasema umebadilika.

Toa nafasi chache zenye idadi, mfano tano, na kwenye ankara ya kila mmoja andika bei kamili 70, kisha mstari wa punguzo la ufunguzi, kisha kiasi anacholipa. Chagua pia unaowapa: ukitaka kupiga familia, nafasi zote tano ziende kwa familia. Omba ruhusa ya maandishi ya kuonyesha picha zao, na kwa mtoto ruhusa itoke kwa mzazi au mlezi. Zikiisha tano, zimeisha.

## Hatua ya 9: Chukua arubuni

Nafasi haijashikwa mpaka arubuni imelipwa. Nusu ya bei inatosha kwa kipindi cha kawaida. Kwa siku ya vipindi vya pamoja chukua yote kabla, maana nafasi iliyoachwa wazi dakika ya mwisho haijaziki tena.

Masharti manne yanatosha: mteja akiahirisha saa 48 kabla, arubuni inahamia siku mpya, kwa mara moja tu; asipotokea, hairudishwi; mvua au mwanga mbaya unahamisha siku bila gharama; akichelewa, muda unakatwa kwenye kipindi chake. Na sharti la tano, linalokubana wewe: ukishindwa kufika, unarudisha fedha zote. Mteja akiliona hilo, haya mengine anayasoma kwa moyo mwepesi.

## Hatua ya 10: Taja bei na ujibu "nipunguzie"

Mteja akiuliza "unatoza kiasi gani?", jibu bei. Kumzungusha kwa maswali sita kabla ya kutaja namba kunamfanya ahisi unampima mfuko. Jibu moja linatosha:

*Habari dada, asante kwa kunitafuta. Kipindi cha dakika 20 ni 70, pamoja na picha 8 zilizohaririwa, na unazipata ndani ya siku 7. Nina nafasi Jumamosi saa kumi na Jumapili saa kumi na moja jioni. Ipi inakufaa?*

Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuzungumza". Sentensi hiyo imeshapunguza bei kabla hajaomba.

Ataomba, na ana haki ya kuomba. Kupatana bei si matusi. Atakuuliza bei ya mwisho ni ngapi, au atakwambia kuna mtu anafanya kwa nusu. Kumbuka namba zako: ukipunguza asilimia 10 tu, kutoka 70 hadi 63, faida inashuka kutoka 14 hadi 7. Asilimia kumi ya bei ni nusu ya faida. Hilo ndilo unalogawa kila unaposema "haya, sawa".

Jibu lenye heshima linapunguza kazi pamoja na bei:

*Nakuelewa kabisa. Kwa 58 naweza kukupiga kipindi kilekile katika eneo ninalolitumia karibu nami, na utapata picha 5 badala ya 8. Ubora wa picha ni uleule. Nikuwekee hicho?*

Mteja amepata njia ya kuingia, na wewe hujafanya kazi ya 70 kwa 58. Akisema yule mwingine ni wa nusu bei, usimseme vibaya mwenzako. Mtakie heri, mwambie mlango uko wazi. Wengine hurudi.

Ndugu na marafiki ndio wagumu zaidi, kwa sababu hapo unajibu udugu pamoja na bei. Amua mapema: punguzo la ndugu ni kiasi gani, kwa nani, mara ngapi kwa mwaka. Unapotaka kumpigia mtu bure, mpigie bure kwa moyo wote, kama zawadi kamili. Nusu bei kwa kinyongo haimfurahishi yeyote.

Utajua umefaulu ukiweza kuituma bei yako bila kuongeza neno la kuomba radhi.

## Hatua ya 11: Ikague bei kila baada ya vipindi kumi

Weka jedwali la wanaouliza na wanaolipa. Kwa maoni yangu, wakilipa wanane au tisa kati ya kumi bila kusita, bei iko chini. Wakilipa wanne hadi sita, iko mahali pazuri. Akilipa mmoja au wawili tu, usikimbilie kushusha. Tazama kwanza sampuli zako, kasi yako ya kujibu na kama tangazo linawafikia watu wanaohitaji unachouza. Sampuli za maua hazitamshawishi mama anayetaka picha ya mwanawe.

Pima tena saa za kazi. Mpiga picha akizoea, kuhariri na kuchuja huenda kasi, na muda uliookolewa ni wako. Huna wajibu wa kuurudisha kwa mteja kwa kushusha bei.

Unapopandisha, panda kwa asilimia 10 hivi kwa wateja wapya. Kutoka 70 hadi 77, na hata mteja mmoja kati ya kumi akiondoka, mapato ya mwezi ni 693 badala ya 700, nawe umebaki na saa 3.5 ulizokuwa ukimpa. Tangaza tarehe ya kuanza kwa bei mpya wiki mbili kabla, na wateja wa zamani wape nafasi ya mwisho ya kuweka kipindi kwa bei waliyoizoea.

Kila bei unayomtumia mtu iandikie muda wake wa kuishi: siku 14 zinatosha. Bila tarehe hiyo, mtu atakuletea ujumbe wako wa mwaka jana na kudai 70, na kwa haki yote, kwa sababu uliiandika mwenyewe.